Afya na Imani: Homa Baada ya Kuzibwa Mshipa wa Figo



Tumepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Barua yenyewe ni ndefu, nasi twaifupisha bila ya kuipunguzia maana. Ametupa ruhusa ya kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwa sharti kwamba jina lake na la dada yake yasitajwe.

Asema kuwa dada yake mkubwa, mama wa watoto wanne, aliumwa ubavu wa kulia kwa muda wa miaka miwili. Wazee wa nyumbani walisema ni chango. Wa dukani wakamwuzia dawa za mkojo. Maumivu yakawa yaenda na kurudi. Mwisho alipimwa kwa altrasaundi, akaonekana ana uvimbe katika figo. Alipopelekwa mbele akapimwa kwa CT, na madaktari wakasema kuwa uvimbe ule si saratani, walakini umefika sentimita 7, na wakati wowote waweza kupasuka na kumwaga damu tumboni. Ng'ombe wawili wakauzwa. Akasafiri mbali hata hospitali kubwa, na huko, bila ya kupasuliwa, akazibwa mshipa wa damu uliokuwa ukiulisha uvimbe ule. Siku ya tatu akapata homa na maumivu. Akatibiwa, na siku ya tano akaruhusiwa kurudi kwao.

Taabu ilianza nyumbani. Homa ndogo ilimshika siku chache, na majirani wakanong'ona kwamba figo yake imechomwa. Homa ikatoka, watu wakamshukuru Mungu. Wiki ya tatu ikarudi, safari hii kwa baridi kali na kutetemeka. Akapewa dawa ya malaria; haikutoka. Akapewa tena mara ya pili. Siku kumi zikapita hivyo, mgonjwa akakonda. Ndipo kijana huyu alipokumbuka karatasi ya hospitali iliyokuwa imewekwa chini ya godoro, akaichukua pamoja na mgonjwa akaenda nayo hospitali. Alipopimwa ikaonekana kuwa mahali pa uvimbe pamefanya jipu. Usaha ukatolewa kwa mpira, akapewa dawa za kuua vijidudu, na leo, alhamdulillahi, anatembea na kupika.

Kijana wetu auliza mambo matatu. Kwanza, je, madaktari walikosea? Pili, uvimbe ukiwa si saratani, haingalikuwa heri kuuacha? Tatu, dada yake asali vipi katika hali ile, na saumu je, na akitaka kuzaa tena?

Tumeona ni wajibu kuyajibu maswali haya kwa urefu, kwani nyumba nyingi zitapata faida, hasa nyumba zilizo mbali na hospitali kubwa, kama zile za Ngara na Biharamulo.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Uvimbe aghalabu unaotibiwa kwa njia hii waitwa anjiomiolipoma. Ni jina refu, lakini maana yake ni nyepesi: ni donge lililofanyika kwa mishipa ya damu, misuli laini na mafuta. Hauenei mwilini kama saratani. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi huwa nao bila ya kujua, mpaka wapimwe kwa sababu nyingine.

Ubaya wake umo katika mishipa yake. Mishipa hiyo ni dhaifu, hutanuka mahali mahali kama mpira wa baiskeli uliochakaa, na ikipasuka damu hujaa kandokando ya figo. Daktari Mjerumani, Wunderlich, alikwisha kuieleza hali hiyo ya damu kumwagika ghafula katika mwaka wa 1856, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake. Ndiyo sababu madaktari huutazama kwa hadhari zaidi uvimbe uliozidi sentimita 4, au wenye mishipa iliyotanuka sana, au ulio kwa mwanamke anayetarajia kuzaa.

Basi jibu la swali la pili ni hili. Uvimbe mdogo usiosumbua huachwa, lakini huachwa kwa kuangaliwa, yaani kupimwa kila baada ya muda. Uvimbe mkubwa kuuacha ni kuuacha mlango wazi kwa mwizi. Na mtu anayeishi Rulenge au Nyakahura, damu ikimmwagika usiku wa manane, mwendo wa kufika penye damu ya kuongezwa na daktari wa kupasua si mwendo mfupi. Kwa hiyo shauri la kumtibu dada huyu kabla ya kupasuka uvimbe lilikuwa shauri la busara.

Hapa twaongeza neno moja kwa wazazi. Wako watu wachache ambao uvimbe huu kwao ni sehemu ya maradhi ya kurithi yaitwayo tiyubarasi sklerosisi, aliyoyaeleza daktari Bourneville wa Ufaransa katika mwaka wa 1880. Dalili zake ni kifafa tangu utotoni, mabaka meupe ya ngozi, na vipele vya usoni visivyokwisha. Watu hao aghalabu huwa na uvimbe katika figo zote mbili. Mwenye dalili hizo amwambie daktari, na ndugu zake wapimwe pia. Kwao iko dawa ya kumeza, everolimasi, inayoweza kuupunguza uvimbe.

Mshipa huzibwa vipi?

Daktari hupitisha mpira mwembamba sana katika mshipa wa damu wa kinenani, au pengine wa mkono, akauongoza kwa picha za eksrei mpaka kwenye figo. Hutia rangi ili mishipa ionekane, kisha hupeleka vipande vidogo vidogo, au spiriti, au vijiwaya vya kujikunja, na mshipa unaoulisha uvimbe huzibika. Njia ya kuingia mshipani kwa sindano na waya ilielezwa na Seldinger wa Uswidi katika mwaka wa 1953, na tangu miaka ya 1970 elimu hii imetumika kuzibia mishipa ya figo. Sifa yake kubwa ni kuwa sehemu nzima ya figo hubakia, wala mgonjwa hakatwi tumbo.

Katika nchi yetu elimu hii si ya zamani. Mwaka 2018 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianza kufika Muhimbili, Dar es Salaam, kuwafundisha madaktari wa hapa, na baada ya hapo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha masomo ya juu ya fani hiyo. Hii ni neema ya kushukuriwa, maana zamani aliyetaka matibabu hayo ilimbidi avuke bahari. Walakini neema haikuondoa umbali. Kutoka Ngara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na aliyetibiwa huko husafiri na kidonda chake hata nyumbani, akakutana na watu ambao hawajapata kusikia habari ya matibabu hayo.

Homa mbili zisizofanana

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni hiki: baada ya kuzibwa mshipa ziko homa mbili, na kutozipambanua ndiko kulikomtia dada yetu katika hatari.

Homa ya kwanza ni ya kutazamiwa. Mti uliokatwa mizizi hunyauka, na nyama ya uvimbe iliyokatiwa damu hufa. Mwili huanza kuisafisha, na kazi hiyo huleta homa, maumivu ya ubavu, kichefuchefu, pengine kutapika na uchovu. Wagonjwa wengi hupatwa nayo. Huanza katika siku za mwanzo, hupungua siku hata siku, na aghalabu huwa imekwisha katika muda wa wiki moja hivi. Dawa yake ni kupumzika, kunywa maji kama alivyoagiza daktari, na dawa za maumivu alizoziandika. Mwenye homa hii hakuchomwa figo. Majirani waliosema vile walisema wasilolijua, na kumtia hofu mgonjwa ni kumwongezea ugonjwa.

Homa ya pili ni ile inayorudi baada ya kuondoka, au isiyopungua baada ya wiki moja hata siku kumi, au inayokuja kwa baridi na kutetemeka huku ubavu ukizidi kuuma. Hiyo yaweza kuwa alama ya jipu: vijidudu vimeingia katika nyama iliyokufa vikafanya usaha. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea haiponi kwa kungojea. Yataka dawa za hospitali, na pengine usaha utolewe kwa mpira kama alivyofanyiwa dada huyu.

Hapa ndipo hali ya kwetu inapoingia. Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi katika Tanzania, na mtu wa Ngara au Biharamulo akipata homa, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Si kosa kuifikiria. Kosa ni kuishia hapo. Mgonjwa na apimwe damu kwanza. Isipoonekana malaria, asimezeshwe dawa yake kwa kubahatisha. Ikionekana, atibiwe, lakini watu wasisahau kuwa malaria na jipu vyaweza kukaa katika mwili mmoja. Homa isipotoka baada ya dawa kumalizika, hapana haja ya dozi ya pili ya kununua, haja ni kurudi hospitali na kusema, "Huyu alizibwa mshipa wa figo tarehe fulani."

Iko sababu nyingine ya kusema hivyo waziwazi. Wasomaji wetu wa Biharamulo hawajasahau ugonjwa wa Marburg uliotangazwa wilayani kwao Januari 2025, ambao watu 10 walihesabiwa kufa kwa ajili yake, na ambao ulitangazwa kwisha mwezi Machi mwaka ule ule. Tangu hapo mtu mwenye homa pamoja na kutokwa na damu hutazamwa kwa hofu, na ni haki wauguzi wachukue hadhari. Mgonjwa wa figo aweza kuwa na homa na mkojo wa damu kwa sababu nyingine kabisa. Asifichwe ndani kwa kuogopa macho ya watu, wala asiwafiche wauguzi habari zake. Apelekwe na karatasi yake, aeleze yote, wauguzi wapime wanayoyaona yafaa.

Karatasi hiyo ndiyo ulimi wa mgonjwa. Imeandikwa ni figo ipi, ni mshipa upi, umezibwa kwa kitu gani, na arudi lini. Chini ya godoro si mahali pake. Itiwe katika mfuko wa nailoni, iwekwe panapojulikana na watu wawili wa nyumba, na picha yake ipigwe kwa simu. Kabla ya kuondoka hospitali, mwenye kumwuguza aulize bila haya: "Homa yake itakwisha lini? Nikiona nini nirudi? Nimpigie simu nani?"

Dalili za kukimbilia hospitali

Mbali na homa ya pili, mgonjwa asicheleweshwe akionekana na mojawapo ya haya: maumivu makali ya ghafula ubavuni au tumbo kuvimba, kizunguzungu, kuzimia, weupe wa macho na jasho la baridi, maana hizo ni dalili za damu kumwagika ndani, mkojo mwekundu unaozidi, au wenye mabonge ya damu, mkojo kupungua sana, kupumua kwa taabu, mguu au mkono ulioingizwa mpira kuwa baridi, mweupe au wenye ganzi, uvimbe unaokua pale ulipoingia mpira. Damu ikitoka hapo, mgonjwa alazwe chali, mtu apakandamize kwa nguvu bila ya kuachia, huku gari likitafutwa.

Katika Ngara ziko hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga. Biharamulo iko hospitali teule ya wilaya. Hizo ndizo za kukimbilia kwanza, kwani huko mgonjwa atapimwa, ataanzishwa dawa, na ikibidi atapelekwa mbele kwa utaratibu. Anayepelekwa Bugando, Mwanza, leo amepunguziwa shida moja: daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, wala hangoji tena kivuko.

Tena, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zaweza kuidhuru figo iliyojeruhiwa. Zisinunuliwe bila ya ruhusa ya daktari. Na mizizi ya kuchemsha, hata akiitoa mtu mwema kwa nia njema, haijulikani kipimo chake, na figo ndiyo inayobeba mzigo wake. Kisha yako marejeo. Aliyepona asidhani safari imekwisha, maana mshipa mwingine waweza kufunguka, na uvimbe ukakua tena ukahitaji kuzibwa mara ya pili. Apimwe figo na damu kwa tarehe alizopangiwa, ijapokuwa hahisi maumivu yoyote.

Ibada na uzazi

Ama sala, dini yetu haikumwekea mgonjwa mzigo asioweza kuuchukua. Imran bin Husayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa, Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Jeraha la kinenani haliingii katika viungo vya udhu, basi udhu wake ni kama kawaida. Ni katika josho ndipo jeraha lililokatazwa maji huhitaji hukumu ya bandeji na kutayamamu, naye amwulize shekhe wake. Mwenye mpira wa mkojo ni mwenye udhuru: hutawadha kila wakati wa sala uingiapo, akasali, wala asiiache sala kwa kudhani kuwa hana tohara.

Ama saumu, Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Katika siku ambazo figo yahitaji maji na dawa, na daktari mwaminifu amesema kuwa kufunga kutamdhuru, kula kwake si upungufu wa dini. Akipona alipe.

Ama kuzaa, mimba huzidisha hatari ya uvimbe huu kutoka damu. Hatusemi asizae. Twasema mume na mke wamwendee daktari pamoja kabla ya mimba, uvimbe upimwe, kisha washauriane. Kadhalika dawa za kupanga uzazi zenye homoni zisianzwe mpaka daktari ameambiwa habari ya uvimbe.

Wako wanawake wanaokataa matibabu haya kwa kuwa mpira huingizwa kinenani. Haya ni sehemu ya imani, walakini dharura ina hukumu yake. Na aombe daktari au muuguzi wa kike akiwapo, mumewe au maharimu wake awe karibu, na kisifunuliwe ila kinachohitajiwa.

Je, madaktari walikosea?

Twarudi kwenye swali la kwanza. Jipu laweza kutokea hata kazi ikifanywa kwa uzuri wote, kwa hiyo hatuwezi kumhukumu mtu kwa jambo hilo peke yake. Lakini kumruhusu mgonjwa wa mbali bila ya kumweleza, kwa lugha anayoifahamu, homa ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari, huo ni upungufu, nasi twausema bila ya kuficha. Maneno ya dakika tano yangaliokoa siku kumi za mateso.

Upungufu mwingine ulikuwa wetu sisi, watu wa nyumbani na wa mtaani. Tulisema "tumtegemee Mungu" tukakaa. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee, na mabedui walipomwuliza kama watafute matibabu, aliwaruhusu, akawajulisha kuwa kila ugonjwa umeumbiwa dawa isipokuwa uzee. Kutawakali bila ya kumfunga ngamia ni uvivu uliovishwa kanzu.

Basi twatoa shauri kwa misikiti ya Ngara na Biharamulo. Mgonjwa anapoondoka kwenda mbali, watu huchangishana nauli. Hilo ni jema. Lakini nauli ya kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu au sita haichangiwi na mtu, kwani mgonjwa amekwisha kuonekana akitembea. Jamaa waiweke nauli hiyo tangu mwanzo, kwa sadaka, na kwa zaka pia ikiwa mgonjwa ni fakiri au ameelemewa na madeni ya matibabu. Na akina mama wanaokwenda kumtazama mgonjwa waulize maswali mawili kabla ya kutoa ushauri wowote: "Karatasi iko wapi? Tarehe ya kurudi ni lini?"

Wewe kijana uliyetuandikia, usijilaumu kwa siku kumi zilizopita. Wewe ndiwe uliyeikumbuka karatasi, na kwa sababu hiyo dada yako yu hai kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Sasa tazama tarehe iliyoandikwa humo, umpeleke.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape elimu na huruma wanaowatibu, na awape subira wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.